Siku Niliyoisafisha Programu Hadi Ikakataa Kuwaka

Ninyi wawili mliokuja kukalia kiti changu kwenye depo ya dawa, na ninyi wengine hapa mjini Kamina mnaojifunza Java, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kama nilivyojifunza mimi: nina miaka ishirini na tisa, nami ni mstaafu. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Sasa nafundisha hesabu sekondari, ambako kosa likitokea naweza kulifuta ubaoni kwa kiganja. Lakini mmeniomba niandike yale ambayo programu ya depo haipendi, na mimi nikiombwa kitu hufanya kwanza kwa ubaya, kisha kwa uzuri uliopita kiasi, kisha nafuta, kisha naanza tena. Andiko hili ni la tano. Yale manne ya kwanza yalikuwa na vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari kwa rangi mbili. Mama Monga aliliona la tatu akaniuliza kama naandika mawaidha au hati ya ndoa.

Mama Monga mtamfahamu wenyewe, ndiye msimamizi wa depo. Hajui Java hata chembe, na ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa Java.

Wiki zangu za mwanzo, programu ilipokataa kuwaka, ilinitemea ukurasa mzima wa maneno ya Kiingereza, mstari juu ya mstari, mpaka kioo kikajaa. Mimi nilikuwa nikisoma mstari wa kwanza, naogopa, nasoma tena mstari wa kwanza. Kiingereza changu nilikiokota kwenye video, kwa hiyo nilidhani kosa ni la Kiingereza changu. Mama Monga akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

“Hii barua yote iko nasema nini?”

“Sijue, Mama. Iko murefu sana.”

“Na unaisomaka tu ku kichwa?”

“Naanzaka ku kichwa.”

“Weye mutoto. Muntu akikuandikia barua ya kuomba kintu, anaanzaka na kuomba? Anasalimia kwanza. Habari ya nyumba, habari ya batoto, habari ya mihogo mu shamba. Kile anatafuta anasema ku mwisho. Enda ku mwisho.”

Nikaenda mwisho. Na huko chini kabisa, baada ya salamu zote, kulikuwa na mstari unaoanza na maneno Caused by, yaani imesababishwa na, na baada yake shida yenyewe, fupi na wazi: sehemu fulani ya programu iliomba kitu, na kitu hicho hakikupatikana. Tangu siku hiyo sijawahi kusoma kosa la Java kuanzia juu. Nateremka mpaka Caused by ya mwisho kabisa, maana zinaweza kuwa nne au tano, kila moja ikimsingizia mwenzake wa chini yake. Yule wa chini hana wa kumsingizia. Huyo ndiye mnayemtafuta.

Sasa lazima niwaambie ni nini kinachoombwa, na hapo namwingiza Papa, baba yangu.

Papa wangu alifanya kazi ya reli, kubadili njia za treni pale stesheni. Amestaafu kweli, si kama mimi. Siku moja aliniuliza nafanya nini mbele ya mashine siku nzima, na mimi, kwa sababu naogopa kueleza vibaya, nilimweleza kwa dakika arobaini. Nikamwambia programu ni sehemu nyingi. Sehemu inayochapa karatasi inamhitaji anayejua akiba ya dawa. Anayejua akiba anamhitaji anayejua friji. Zamani kila sehemu ilikwenda yenyewe kumtafuta iliyemhitaji. Siku hizi sehemu inasema tu, nahitaji huyu na huyu, na kuna mmoja ndani ya programu, wakati wa kuwaka, anayesoma mahitaji ya wote na kumletea kila mtu mtu wake. Kwa Kifaransa wanaita injection.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho.

“Njo karatasi ya zamu,” akasema. “Mashinisti hatafutake muntu wa frein ku nyumba. Shefu wa zamu njo anamuleta. Dakika makumi ine, na ulikuwa unataka kusema karatasi ya zamu.”

Ndivyo ilivyo, dereva wa treni hamtafuti mtu wa breki nyumbani kwake, na sijapata maelezo bora zaidi mpaka leo. Ile alama ya @Component mnayoiweka juu ya klasi, yaani sehemu moja ya programu, ni kuandikwa jina kwenye karatasi ya zamu. Bila jina, shefu wa zamu hakujui, hata kama umevaa kofia na umesimama kando ya injini. Na treni haitoki nusu. Akikosekana mmoja, hakuna anayeondoka. Ndiyo maana programu kubwa inakataa kuwaka kwa ajili ya kitu kidogo. Haikuonei, inafuata utaratibu wa reli.

Papa akaongeza kwamba kuna asubuhi tatu mbaya katika kazi ile. Asubuhi ambayo mtu hakuja. Asubuhi ambayo wamekuja wawili kwa nafasi moja na kila mmoja anasema ni yake. Na asubuhi ambayo treni mbili zimekutana uso kwa uso kwenye njia moja, na kila moja inaingoja nyingine. Mimi nilizipata zote tatu kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana wa siku moja, na zote nilizitengeneza mwenyewe.

Kwanza mjue desturi ya friji. Depo yetu inagawa dawa na chanjo kwa vituo vya afya mpaka kule Malemba-Nkulu na Mulongo. Chanjo zinakaa kwenye friji kubwa la chumba cha nyuma, na Mama Monga ana sheria moja aliyoiandika mlangoni kwa kalamu nyekundu: friji linafunguliwa mara moja kwa mteja mmoja, karatasi ya kutoka ikiwa mkononi. Hakuna kufungua ili kuchungulia. Hakuna kufungua, kuhesabu, kufunga, kukumbuka, kufungua tena. Umeme wetu mnaujua. Baridi iliyotoka hairudi ukiiita. Kwa hiyo karatasi lazima itoke kwanza, nayo inaonyesha kila kichupa: namba yake, tarehe yake ya kuharibika, rafu yake. Karatasi hiyo inachapwa na programu. Programu isipowaka, hakuna karatasi. Hakuna karatasi, friji halifunguki, hata kwa askofu.

Jumatatu mchana, siku moja kabla ya hayo yote, sikuwa na kazi, na mimi bila kazi ni hatari. Niliangalia programu, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kabisa bila kumsumbua mtu, nikaona kuna folda inayoitwa mambo_mengine. Folda hiyo ilikuwa inanikera tangu mwanzo, kama uzi unaoning'inia kwenye gauni la mtu aliyekaa mbele yako kanisani. Nikaamua kuuvuta.

Nilihamisha klasi ya friji nikaiwekea folda yake nzuri, peke yake, nje kidogo ya zile nyingine ili ipumue. Kisha, kando ya ile sehemu moja iliyokuwa ikivitumia vituo ujumbe wa simu, nikaandika mtumaji wa pili. Huko kwenye video hakuna mtu anayefanya hivyo, lakini hapa Kamina mwenye laini moja ya simu ni mgeni aliyeshuka juzi. Mtandao mmoja ukianguka unageukia wa pili. Hata bibi anayeuza mkaa ana laini mbili. Niliona ni aibu programu yangu iwe na moja. Kisha nikafikiri: akiba ya chanjo ikipungua, si vizuri akiba yenyewe imwambie mtumaji wa ujumbe? Na mtumaji, kabla ya kutuma, si vizuri amuulize akiba kama ni kweli? Nikawaunganisha huku na huku. Nilijiona mtu mwenye busara.

Mwishoni, ili pawe pasafi kabisa, nilifuta nakala zangu za zamani. Zilikuwa tatu: depo_mwisho, depo_mwisho_kabisa na depo_mwisho_ya_kweli. Kisha umeme ukakatika kabla sijaiwasha programu hata mara moja, nami nikarudi nyumbani nimefurahi.

Someni tena aya hizo polepole. Kila sentensi ndani yake ina kosa.

Jumanne saa mbili alifika Munganga Kisimba, muuguzi wa kituo kimoja kando ya mto Lualaba, karibu na Mulongo. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa mtumbwi na lori, na sanduku lake la baridi begani kama mtoto. Anahitaji chanjo za surua. Kule kwao surua ilikuwa imeanza kutembea nyumba kwa nyumba, na akina mama walikuwa wameshaitwa Alhamisi.

“Lori inarudi Bukama saa nane,” alituambia. “Kesho mutumbwi. Alhamisi asubuhi niko kule. Nikikosa hii lori, ingine iko wiki inayokuya. Na banamama balishaitwa. Bengine banatoka ku visiwa.”

“Saa nane iko mbali,” Mama Monga akasema. “Kaa, kunywa chai. Feli anakutolea karatasi sasa hivi.”

Feli ni mimi. Nikawasha programu. Ikatema ukurasa.

Nikahisi masikio yanapata moto. Nikageuka, nikausingizia umeme, ambao kwetu huitwa kuran, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, “Kuran iko kidogo leo, Mama. Mashini haina nguvu.”

Mama Monga aliangalia juu, kwenye taa ya dari. Akaangalia chini, kwenye kikombe chake. Akasema, “Aa,” basi.

Nilikwenda mwisho wa barua. Sehemu ya akiba iliomba sehemu ya friji, na sehemu ya friji haikupatikana. Haiwezekani, nikajisemea, mimi mwenyewe niliiandika. Nikafungua klasi: ipo. Alama ya @Component: ipo. Na hapa ndipo ugonjwa wangu ulipokula masaa karibu matano. Badala ya kuuliza shefu wa zamu anatafutia wapi, nilikagua herufi moja moja, nafasi kwa nafasi, nikapanga upya mabano ambayo hayakuwa na kosa. Munganga Kisimba alimaliza chai ya kwanza akapewa ya pili.

Jibu lilikuja nilipoacha kuangalia klasi nikaangalia ilipokaa. Papa aliwahi kunieleza kwamba kwenye kambi ya reli kulikuwa na mtu wa kupita kuamsha watu wa zamu, na alipita nyumba za kambi peke yake. Mfanyakazi mmoja alijenga nyumba nzuri nje ya uzio, na mwezi wa kwanza alikosa zamu mara tatu, si kwa uvivu, hakuna aliyemgongea. Programu ni hivyo hivyo. Inaanza kutafuta kwenye folda ilimokaa klasi kuu ya kuwashia, na inashuka ndani yake tu. Mimi folda yangu nzuri ya friji niliiweka nje ya uzio. Nikairudisha ndani. Nikawasha.

Ukurasa mwingine.

“Kuran?” Mama Monga akauliza.

“Inapanda inashuka,” nikasema.

Barua ya pili mwishoni ilisema kinyume cha ya kwanza: aliombwa mtumaji mmoja wa ujumbe, wamepatikana wawili. Asubuhi ya pili ya Papa. Programu haikosi uwezo wa kuchagua; inakataa kukuchagulia, na nadhani ina haki. Dawa yake ni rahisi. Mmoja unamwekea alama ya @Primary, yaani huyu ndiye wa kwanza asipotajwa mwingine. Na mahali unapomtaka yule wa pili unamtaja kwa jina kwa @Qualifier. Dakika mbili za kazi. Mimi nilitumia ishirini, kwa sababu sikujua mtandao upi unastahili kuwa wa kwanza. Nilianza kupima sifa za kila mmoja kwenye karatasi. Nilikuwa na safu tatu tayari Munganga Kisimba aliposogea na kikombe chake.

“Unaandika nini, mwana?”

“Nachagua laini ya kwanza ya kutuma ujumbe, Papa Munganga.”

“Weka ile inashikaka ku Mulongo.”

“Sababu gani?”

“Sababu minyi niko ku Mulongo.”

Nikaweka ile inayoshika Mulongo. Nikawasha. Na nikawa na hakika, hakika kabisa, kwa sababu makosa mawili yalikuwa yameisha na mimi hesabu zangu zilisema yalikuwa mawili.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro. Programu yenyewe ilinichorea kwa vistari kisanduku kidogo: akiba inamngoja mtumaji, mtumaji anaingoja akiba, na mshale unarudi juu. Duara. Sijui kama mmewahi kuchorewa ujinga wenu na mashine. Ni mchoro safi sana.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Nje, dereva wa lori alikuwa ameanza kufunga turubai. Na kichwa changu kilikuwa kimejaa, si kosa lenyewe, bali ule uongo wa umeme. Nilikuwa nahangaika na vitu viwili: kuitengeneza programu, na kuitengeneza kwa namna itakayoonekana kama umeme ndio ulikuwa unarudi. Nilikuwa hata nimepanga nitasema nini ikiwaka: “Aa, sasa nguvu imepanda.”

Mama Monga akatoka chumba cha nyuma akiwa amebeba kidumu cha petroli.

Mjue kile kidumu. Kinakaa chini ya meza ya friji na hakiguswi. Ni petroli ya jenereta ya kuokoa friji umeme ukikatika kwa muda mrefu. Katika miaka yangu yote pale niliona kikiguswa mara mbili tu, na mara zote mbili Mama Monga alikuwa anasali huku anamimina.

“Mama, unaenda wapi na hiyo?”

“Naenda kuwasha jenereta. Kuran iko kidogo, hapana? Mashini iko na njaa. Tunaipa petroli ya friji, karatasi itoke, Munganga aende. Friji, Mungu atachunga.”

Alisema kwa upole kabisa. Akapita mbele yangu, akafika mlangoni, akainama kukiweka chini afungue mlango wa jenereta.

Mimi ni mtu wa kuficha. Shuleni nilikuwa nachana karatasi yenye alama kumi na saba juu ya ishirini. Lakini niliona akilini chanjo za wilaya nzima zikipata joto kwa sababu ya folda iliyoitwa mambo_mengine, nikasimama hata kiti kikaanguka.

“Mama, achia. Kuran iko.”

“Iko?”

“Iko tangu asubuhi. Ni minyi. Jana nilishika programu, hakuna muntu alinituma. Ilikuwa inatembea muzuri, nikaiharibu. Nilisema bongo, nilikudanganya.”

Nilitazama sakafu. Kisha nikasikia Munganga Kisimba anacheka puani, yule aliyekuwa na haki zaidi ya wote ya kukasirika.

“Lampe inawaka juu ya kichwa yake tangu saa mbili,” alimwambia Mama Monga. “Minyi nilifikiri hapa bantu banasomaka tu hivyo.”

Mama Monga akakiinua kile kidumu kwa kidole kimoja, akakitikisa. Hakikutoa sauti. Kilikuwa kitupu, petroli alikuwa ameihamishia kwenye kidumu kingine kabla hajatoka.

“Kiokote kiti,” akaniambia. “Sasa kaa. Jana ulibadilisha nini? Yote. Moja moja.”

Vijana, hilo ndilo swali. Kuna zana nyingi za kutafuta makosa, nimejifunza nyingi, lakini hakuna inayoshinda swali la Mama Monga: mara ya mwisho ilipowaka ni lini, na tangu hapo umebadilisha nini? Asubuhi nzima hakuna aliyeweza kuniuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshajibu kwamba ni umeme. Hata mimi mwenyewe sikuweza kujiuliza. Ukisema uongo kuhusu kosa, wa kwanza kudanganyika ni wewe unayelitafuta.

Nikahesabu kwa vidole. Folda ya friji, nimeirudisha. Laini ya pili, nimepanga. Na kuunganisha akiba na mtumaji, huku na huku.

“Hiyo ya mwisho njo inagomba?” Munganga akauliza.

“Njo hiyo. Ni kazi ya kuleteana, na kila mumoja anangoya mwenzake aamuke kwanza.”

Akiba haiwezi kuamka bila mtumaji, mtumaji hawezi kuamka bila akiba. Kuna plasta ya shida hiyo, nanyi mtaikuta haraka kwenye mtandao: alama ya @Lazy, inayomwambia mmoja amka kwanza, mwenzako atakuja ukimhitaji. Inafanya kazi. Mimi mkono ulikuwa umeshaanza kuiandika. Lakini sikuwa na hakika itavunja nini kingine, na siku hiyo nilikuwa nimeshapoteza haki ya kubahatisha. Nikampigia Papa. Nilimuuliza bila salamu, jambo ambalo kwetu ni karibu na tusi.

“Papa, treni mbili zikikutana uso kwa uso mu njia moja, mulikuwa munafanya nini?”

“Habari ya kazi, Feli.”

“Muzuri, Papa. Mulikuwa munafanya nini?”

“Moja inarudi nyuma.”

“Gani?”

“Ile haikukuwa na kazi ya kuwa pale. Siku zote kuko moja haikukuwa na kazi ya kuwa pale. Uliza kila mashinisti: nani alikutuma? Moja atakosa jibu.”

Nikakata simu, na baadaye nikaomba msamaha kwa hilo pia. Nikaiuliza akiba: nani alikutuma kwa mtumaji wa ujumbe? Kazi ya akiba ni kuhesabu vichupa. Hakuna mtu Kamina nzima, wala Mulongo, wala mama mmoja wa visiwani, aliyewahi kuomba vichupa vitume ujumbe. Niliomba mimi, Jumatatu mchana, kwa sababu ilionekana vizuri.

Nikafuta. Mistari kumi na miwili, iliyopangwa sawasawa kama meno, mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na sitaficha: nilipoifuta niliumia. Mshale mmoja wa ule mchoro ukatoka, duara likawa mstari. Nikawasha. Maneno yakapita kwenye kioo, yakapita, yakasimama, na ile sehemu ya kuchapa ikauliza jina la kituo.

Nikachapa jina la kituo, nikakosea, nikalichapa tena. Karatasi ikatoka. Mama Monga akaisoma yote, kutoka juu mpaka chini, kidole kikifuata mstari, hakuharakisha hata kidogo ingawa dereva alikuwa anapiga honi. Kisha wakaingia chumba cha nyuma, yeye na Munganga. Nikasikia mlango wa friji ukifunguka. Nikasikia ukifungwa. Mara moja.

Munganga Kisimba alipita mbele ya meza yangu na sanduku begani.

“Mwana,” alisema, “ile kintu yako inaitwa nini kwa Kifaransa? Ile ya kuleteana.”

“Injection.”

“Basi tuko kazi moja, ya sindano. Lakini minyi, kabla ya kudunga mutoto, naulizaka kwanza kama iko mugonjwa.”

Akapanda lori. Lilikuwa limechelewa dakika tano kwa ajili yetu.

Kazi ya mchana ule ilikuwa kutoa nakala mpya ya programu nzima na kuiweka mahali pawili. Nikaipa jina la tarehe, basi. Mambo ya mwisho na mwisho wa kweli niliyaacha. Na tangu hapo nabadilisha kitu kimoja, nawasha. Kitu kimoja, nawasha. Mtaniona mzembe kwa sababu programu niliyowaachia ina folda yenye jina baya. Msiiguse mpaka siku itakapomzuia mtu. Siku hiyo iguseni peke yake.

Jumatano sikula vizuri. Nilijua lori limefika Bukama, zaidi ya hapo sikujua kitu. Mtumbwi unaweza kuharibika, barafu inaweza kuyeyuka, na mimi nilikuwa nimekula saa sita za barafu ile kwa ajili ya usafi. Nilipiga hesabu ya joto kwenye daftari, nikaipiga tena kwa njia nyingine, nikapata majibu mawili tofauti, yote mabaya.

Alhamisi karibu saa tano asubuhi simu ya depo ikalia. Mama Monga akaitazama namba, akanipa mimi.

“Papa Munganga? Mulifika? Barafu?”

“Iko baridi. Sina nafasi ya kusema, banamama biko mingi. Sikiliza tu.”

Nadhani aliinua simu juu. Nilisikia upepo kidogo, sauti ya mwanamke anayeita majina, kisha mtoto mmoja akilia, kisha wa pili, kisha watoto wengi sana kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, wamekasirika kwa nguvu zao zote. Mama Monga akavuta kiti karibu, nikaweka spika. Tulikaa tukasikiliza mpaka laini ikakatika.